Bi Kufuli, Mwigizaji Aliyeficha Sauti

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa leo mlimjua kwa jina la Bi Kufuli, alizaliwa asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka kwenye bomba la maji. Baba yake alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeweka mashine yake mlangoni ili apate mwanga, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepita pale bila kusalimia na kueleza anakokwenda. Walizaliwa wawili tu, wote wasichana. Wa kwanza ni Dada Mkubwa, tuliye naye hapa leo, aliyemtangulia kwa miaka mitano.

Dada Mkubwa aliimba tangu utotoni. Marehemu alichekesha. Jioni moja ya mwaka 1957, baada ya dada yake kuimba, marehemu alichomeka penseli sikioni, akatoa tumbo mbele, akatembea chumbani kama msimamizi wa nyumba za reli anavyokagua foleni ya maji. Baba yao alicheka hadi chai ikamtokea puani. Alipopata pumzi akamwambia mkewe, "Mama watoto, sisi tumegawiwa vizuri. Mkubwa ataimba, mdogo atachekesha. Kila mtu na lake, hakuna kugombana." Yalikuwa maneno ya mtu aliyetoka kazini amechoka na amefurahi, na bila shaka kesho yake alishayasahau. Lakini mtoto wa miaka sita aliyachukua kama amri.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Alipofika darasa la nne, mwalimu wa muziki alipanga wanafunzi mstari na kuwasikiliza mmoja mmoja, atafute wa kuingia kwaya. Dada Mkubwa, aliyekuwa darasa la nane na kiongozi wa kwaya, alikuwa ameketi kando ya mwalimu na daftari la majina. Miaka mingi baadaye marehemu alisimulia kwamba zamu yake ilipofika, sauti aliyotakiwa kuitoa aliijua kabisa, alikuwa nayo kooni tayari. Akamtazama dada yake na lile daftari, kisha akakoroma kama chura. Darasa zima lilivunjika mbavu.

"Wewe nenda kwenye maigizo," mwalimu akasema, akifuta machozi. "Huku utatupasulia vioo."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Dada Mkubwa. Marehemu alirudi kwenye kiti chake ameridhika, na hakumwambia mtu. Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1969. Katika miaka yote minne hakukosa igizo hata moja, na hakuimba hata ubeti mmoja peke yake. Wimbo wa shule alikuwa akiuchezesha mdomo tu.

Februari 1970 aliajiriwa kuwa opareta wa simu. Alikaa kwenye ubao wa kuunganisha simu miaka kumi na miwili, vikombe vya kusikilizia vimembana masikio, mkono mmoja kwenye nyaya, mwingine kwenye kikombe cha chai. Pale ndipo alipojifunza watu. Aliwajua waliogombana, waliopatana, na mzee mmoja aliyepiga simu kila Ijumaa kuuliza saa ingawa saa ya ukutani ilikuwa ikigonga nyuma yake. Aliweza kuwaiga wote, na wenzake walimwita wakati wa chakula cha mchana aje "kuunganisha simu" mezani.

Filamu ilimkuta hapohapo kazini. Mwezi Julai 1982, wapiga picha walikuja kutumia ukumbi wa kituo cha simu kwa siku tatu. Siku ya pili, fundi mmoja wao aliegemeza baiskeli yake kwenye mlango wa choo cha akina mama. Marehemu alitoka, akamkuta, akamwambia maneno ambayo familia imeona tusiyachape hapa. Mwongozaji alisimamisha kazi ili asikilize. Alipomaliza, mwongozaji akamsogelea na kumuuliza kwa adabu, "Dada, unaweza kusema hivyohivyo tena, lakini kama mwenye nyumba anayemsema mpangaji?"

"Naweza kusema hadi kesho," akajibu. "Kwanza mwambie aondoe baiskeli."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bi Kufuli, mama mwenye nyumba mwenye kanga begani na shada la kufuli kiunoni, anayejua mpangaji gani amepika nini na amegombana na nani. Marehemu alicheza filamu arobaini na moja, na katika kumi na saba alikuwa Bi Kufuli. Mtaani watu walisahau kwamba ni mchezo. Wenye nyumba halisi walimsimamisha sokoni kumwomba ushauri. Siku moja alikwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa katika jengo la ghorofa, na kijana aliyekuwa akishuka ngazi alipomwona, aligeuka akapanda tena mbio hadi juu. Marehemu alisimama pale chini akapaza sauti, "Shuka tu mwanangu, leo sina kazi na wewe!" Alilisimulia tukio hilo maisha yake yote, na kila mara kijana aliongezewa ghorofa.

Yule fundi mwenye baiskeli alikuwa fundi taa. Alirudi kuomba radhi, akarudi tena kuhakikisha kama radhi imepokelewa, na aliporudi mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1984. Walijaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Nyumba yao ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha kupiga chapa ilikuwa na taa nyingi kuliko nyumba yoyote mtaani, na nusu yake zilikuwa zikisubiri kutengenezwa.

Fundi Taa ndiye mtu wa kwanza kuisikia sauti ya mkewe. Ilikuwa mwaka 1986, mwezi wa tatu tangu binti yao azaliwe. Alikuwa amezima umeme wa nyumba nzima ili abadilishe soketi ya jikoni, na mkewe hakujua. Marehemu alikuwa chumbani akikunja nepi. Fundi Taa alisikia mtu akiimba, akaweka bisibisi chini, akaja taratibu hadi mlangoni. Sauti ilikatika.

"Ulikuwa unaimba?"

"Mimi? Redio hiyo."

"Redio gani, mama, na umeme nimeuzima mwenyewe?"

Marehemu akamsogelea na nepi mkononi. "Basi hukusikia kitu. Niahidi."

"Lakini sauti yote hiyo, kwa nini..."

"Kuimba ni kwa Dada. Niahidi."

Akaahidi. Alikaa na siri hiyo miaka kumi na saba, na leo anakiri kwamba wakati mwingine aliuzima umeme kwa makusudi.

Maana Dada Mkubwa alikuwa ameimba kweli. Alifundisha muziki miaka thelathini na minne, akaunda kwaya ya walimu, akaimba kwenye kila harusi na kila mahafali ya ukoo huu. Jambo moja tu lilimpita. Mwaka 1978 aliitwa kurekodi nyimbo zake redioni. Alishonewa gauni, ingawa redioni gauni halionekani. Alipofika aliambiwa mtambo umeharibika, ataitwa tena. Hakuitwa. Gauni lile alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na mtu akiuliza, alisema linasubiri kupigwa pasi. Marehemu aliliona kila alipomtembelea.

Mwaka 2003 ilitengenezwa filamu ambayo Bi Kufuli amezeeka, wapangaji wake wamehama, na anabaki peke yake katika nyumba tupu. Humo kulikuwa na wimbo mfupi. Mpango ulikuwa kwamba mwimbaji aliyeajiriwa ataimba, naye marehemu atachezesha mdomo. Tarehe 11 Novemba waliujaribu. Mwimbaji alikuwa binti mdogo mwenye sauti nyororo, nzuri sana, lakini ilipotoka katika mdomo wa mama wa miaka hamsini na miwili, kila mtu ukumbini aliangua kicheko, hata yule binti mwenyewe. Wakarudia mara nne. Mwongozaji, ambaye sasa alikuwa mzee na alimpenda Bi Kufuli kama mtoto wake, alikaa juu ya sanduku akashika kichwa. "Basi, tuufute wimbo," akasema. "Na bila wimbo filamu haina mwisho."

Ndipo kutoka juu kabisa, kwenye ngazi ya taa, sauti ikasema, "Mwacheni aimbe mwenyewe."

Marehemu aliinua uso. Walioshuhudia wanasema jicho alilompiga mumewe siku ile hata Bi Kufuli hakuwahi kumpiga mpangaji. Fundi Taa alishika ngazi kwa mikono miwili. "Nimeahidi, najua," akasema. "Utanisema nyumbani. Lakini hii kazi ni yako, na hiyo sauti ni yako. Imba."

Marehemu alitazama chumba kitupu walichomjengea, vitanda visivyo na magodoro, misumari ukutani palipotundikwa picha. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaimba:

*Funguo ninazo tele, wa kufungua hawapo;*
*nataka zao kelele, kimya kingi ndicho kipo.*

Aliimba mara moja tu. Haikuwa sauti ya kisichana. Ilikuwa nzito chini na safi juu, bila haraka, kama mtu anayezungumza na mwenziwe wa chumba cha pili. Fundi sauti alisahau kuzima mtambo. Kwenye mkanda wa siku ile, baada ya wimbo, kuna dakika mbili za ukimya, mtu mmoja anapenga kamasi, halafu sauti ya marehemu inauliza, "Jamani, ni mbaya hivyo?"

Filamu ilianza kuonyeshwa Aprili 2004, na wimbo ukatapakaa. Ulisikika kwa vinyozi, kwenye foleni za benki, kwenye simu za watoto wa shule. Wengi waligoma kuamini kwamba ni yeye. Gazeti moja liliandika kwamba sauti ni ya mwimbaji maarufu aliyejificha, na marehemu aliikata habari hiyo akaibandika mlangoni mwa jokofu, kwa kuwa alijisikia amesifiwa mara mbili.

Furaha hiyo haikufika kwa Dada Mkubwa. Yeye aliusikia wimbo katika chumba cha walimu, kwenye redio ya mwenzake, akiwa anasahihisha madaftari. Hakuna aliyemwambia mapema. Mwenzake akasema, bila ubaya wowote, "Mwalimu, kumbe mdogo wako anaimba kukushinda!" Dada Mkubwa alifunga daftari, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo hakuja tena kula chakula cha Jumapili kwa mdogo wake, kama ilivyokuwa desturi. Marehemu alipiga simu.

"Dada, mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mdogo wako."

"Mdogo wangu haimbi," Dada Mkubwa akasema, na simu ikakatwa.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miezi kumi na sita. Studio ya kurekodi ilimwita marehemu atoe albamu nzima. Alikataa. Wakamwita tena, akakataa tena. Wanawe walimsihi, naye akawajibu, "Nimechukua wimbo mmoja ambao haukuwa wangu, na mnaona nyumba hii ilivyo Jumapili. Nikichukua kumi?" Alipungua mwili. Kwenye filamu aliendelea kuvunja watu mbavu, lakini nyumbani hakuimba hata umeme ulipozimwa.

Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2005, alivaa viatu vyake vya kutembelea, akamwambia mumewe anakwenda dukani, akaenda shuleni kwa dada yake. Kwaya ya walimu ilikuwa kwenye mazoezi. Aliingia kwa mlango wa nyuma akakaa benchi la mwisho. Walimu walipomwona Bi Kufuli walianza kukanyagana miguu na kucheka chini kwa chini. Dada Mkubwa aligonga meza kwa rula.

"Wewe wa nyuma," akasema. "Humu ndani watu wanaimba. Kama umekuja kuimba, simama. Kama umekuja kutazama, mlango ni ule."

Marehemu akasimama. Alikuwa ameigiza mbele ya maelfu ya watu, lakini mbele ya dada yake hakuwahi kuimba hata siku moja tangu azaliwe.

"Panda ngazi ya sauti. Taratibu."

Akapanda, akashuka. Walimu waliacha kucheka. Dada Mkubwa alisikiliza ametazama dirishani. Alipomaliza, akasema, "Pumzi unaivutia mabegani. Nani kakufundisha upuuzi huo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Inaonekana."

Aliwaruhusu walimu waende. Ukumbi ulipobaki na wao wawili, alikaa kwenye benchi, akaacha nafasi kati yao.

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu zamani. Tangu ile siku ya chura."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

"Baba alisema kuimba ni kwako."

"Baba!" Dada Mkubwa akasema. "Baba alikuwa fundi breki. Alijua nini kuhusu sauti?"

Marehemu alitaka kucheka, lakini aliona machozi ya dada yake.

"Nisikudanganye, niliumia," Dada Mkubwa akaendelea. "Na siyo kwa sababu unaimba. Duniani wanaimba wengi, mimi nimewafundisha mamia. Niliumia kwa sababu ulinionea huruma. Miaka arobaini na zaidi mdogo wangu anameza sauti, ati mimi nisionekane mdogo. Uliona mimi ni wa kuvunjika hivyo?"

"Niliona lile gauni nyuma ya mlango," marehemu akasema.

Dada Mkubwa akapangusa uso kwa kiganja. "Gauni halinitoshi tena," akasema. "Haya simama. Mkono tumboni, siyo kifuani. Upumue kama mtu, usipumue kama pampu ya baiskeli."

Walitoka pale saa kumi na moja jioni, na Fundi Taa alikuwa amekwenda maduka matatu kumtafuta mkewe.

Albamu ilitoka Juni 2006. Ina nyimbo kumi. Nne marehemu anaimba peke yake, tatu Dada Mkubwa anaimba peke yake, tatu wanaimba wote. Dada Mkubwa, aliyeupitia wasifu huu kwa kalamu nyekundu kabla haujachapwa, ameagiza iandikwe wazi kwamba katika wimbo wa saba anayepanda juu mwishoni ni yeye, maana watu wamekuwa wakimpongeza mdogo wake bila haki. Kwa miaka kumi walizunguka kumbi mbalimbali wakiimba, wakagombana njiani kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, wakapanda jukwaani wameshikana mikono. Mwandishi mmoja alimuuliza marehemu anajisikiaje kuwa mwimbaji uzeeni. Akajibu, "Najisikia kama mtu aliyekuwa amevaa viatu vya kubana, akavivua." Mwandishi akamgeukia Dada Mkubwa, naye akasema, "Mimi sina la kuongeza. Viatu vyangu vilinitosha siku zote."

Septemba 2021 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Daktari aligundua kwamba moyo umechoka. Alitumia dawa kwa uaminifu na kulalamika kwa uaminifu uleule. Aliposhindwa kumaliza mistari mirefu ya nyimbo, Dada Mkubwa aliikata mistari ikawa mifupi, akaiandika upya kwa mkono, na wakaendelea kuimba sebuleni kila Jumapili, wamekaa vitini. Alilazwa mara mbili. Mara ya pili, Januari mwaka huu, wauguzi wa zamu ya asubuhi walimwomba awasalimie kwa sauti ya Bi Kufuli. Alijiinua kwenye mto, akaitazama wodi nzima, akauliza, "Nani amewapa nyie vitanda bila kuniambia?" Mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekuwa hajasema neno kwa siku mbili, alijibu, "Nisamehe mama, nahama kesho."

Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Siku zake za mwisho zilikuwa tulivu. Alikula kidogo, alilala vizuri, alipokea wageni na kuwaiga walipoondoka.

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, aliamka na nguvu kiasi, akaomba akae kwenye kiti cha dirishani. Dada Mkubwa alikuwa akimsomea gazeti. Jua lilikuwa limeingia na kumpiga usoni, na Fundi Taa alipoona anakunja macho, aliinuka kusogeza pazia. Akalivuta, akasita, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama mkewe, akalirudisha kidogo, kama alivyokuwa akifanya kazini miaka yote. Mwanga ukatua juu ya shavu na bega.

"Hapo hapo," marehemu akamwambia. "Usiguse tena."

Dada Mkubwa alifungua ukurasa mwingine. Alipoinua macho, saa nne na robo asubuhi, mdogo wake alikuwa amekwenda. Fundi Taa hakuligusa pazia mpaka jioni.

Marehemu ameacha mume wake, Fundi Taa, dada yake, Dada Mkubwa, watoto watatu, binti ambaye ni muuguzi, mwanawe wa pili ambaye ni fundi sauti, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wakwe watatu, wajukuu sita, wakiwamo wawili wanaoimba na mmoja anayekoroma kama chura kwa hiari yake, na kwaya ya walimu, itakayosimama sasa hivi kutuimbia. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wote waliocheka naye.

Tunamrudisha kwa Muumba wake kwa shukrani. Mama, lala salama, na amani ikufunike.